Juu Atalala Nani?

Siku ile kijiweni tulikuwa Mzee Kazimili, tunayemwita Ghala kwa sababu hakosi mahindi ya mwaka jana. Faustini, dereva mstaafu wa malori, jina lake la utani Kebini. Pancras seremala, ambaye kila ukimuuliza kazi yako imefika wapi hujibu "bado kidogo", na jina likawa hilo. Mimi mwenye birika la kahawa. Na binti yangu Diana, wa miaka mitatu, aliyekalia goti la Kebini. Kijiwe chetu ni ubao wa bodi la lori uliolazwa juu ya matairi mawili, hapa Nyakanazi, mabasi ya Ngara yanaposimama. Mimba yangu ilikuwa ya miezi ya mwisho, na wazee hawa walikuwa wamenikataza kuinua birika. Kila mtu alijimiminia mwenyewe. Nikawaambia linalonikosesha usingizi. Mama yangu anataka kuja kutoka Keza kunihudumia nikijifungua, lakini chumba chetu ni kimoja. Humo kuna kitanda, magunia, sufuria, baiskeli ya mume wangu Juvenali na jiko la mkaa, na Diana analala mkekani karibu kabisa na hilo jiko. Mama akija alale wapi? Asipokuja, nitakuwa na nani?

— Chumba unacho, alisema Kebini, huku akisogeza kikombe chake mbali na mkono wa Diana. — Ila unakitumia nusu. Kutoka kichwani mwako hadi kwenye bati kuna nini?

— Buibui, nikasema.

— Basi unawapangisha bure! Mimi miaka yote ya lori nililala kitanda cha juu, utingo wangu cha chini. Weka cha juu, na mkanda wa kumshika mtu. Hata breki ikiwa ya ghafla, hadondoki.

— Nyumba ina breki? akauliza Ghala.

— Mkeo akikuamsha usiku, hiyo siyo breki?

Ghala alinigeukia mimi.

— Anza na nguzo, mayu. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, hata mama kijana kama mimi. — Nguzo nne za mkaratusi, uzifukie chini. Usipigilie mbao ukutani, ukuta wa tofali mbichi ni mtu mwongo. Na jiko litoke nje. Sisi juu ya moto tunakausha kuni. Wewe utakausha watu?

— Hapo umesema kweli, akakubali Bado Kidogo. — Lakini ngazi ya kuegesha, hapana. Mpanda ngazi hushuka, tena kwa kichwa. Natengeneza vipandio kama visanduku. Cha kwanza unga, cha pili nguo, cha tatu sufuria. Nafasi haipotei hata kidogo.

— Kukanyaga unga ni laana.

— Unga uko ndani ya sanduku, Mzee!

— Laana haijui mfuniko.

Tulicheka mpaka Diana naye akacheka, bila kujua cha kuchekea.

— Na huyu? nikauliza. — Akipanda akaanguka?

— Wahenga walishajibu, akasema Kebini. — Aliye juu mngoje chini. Maana yake, weka godoro chini.

— Wahenga hawakuwa na magodoro! Bado Kidogo aliinuka. — Unaweka fito pembeni, zisimame wima. Zikilazwa, mtoto atazipanda. Na zikaribiane, kichwa kisipite.

Akatoa uzi mfukoni, akapima kichwa cha Diana taratibu, kama mtu anayepima yai.

Baada ya hapo hawakushikika tena.

— Kwa nini tuishie orofa moja? akasema Kebini. — Tuinue bati, ya tatu iwe ya kuku.

— Mayai yashuke kwa bomba, akasema Bado Kidogo.

— Na kahawa ipande kwa kamba, kama ndoo ya kisima, akasema Ghala. — Ila wa chini alale ukutani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

— Tembo gani, Mzee?

— Watakaokuwa juu!

Katikati ya mzaha huo, Kebini akasema nyuma ya kwake zipo mbao za bodi la lori zinazonyeshewa bure, nizichukue. Ghala akasema nguzo atakata shambani kwake. Bado Kidogo akasema ataleta mikono yake, na safari hii hatasema lile neno. Nilijifuta macho kwa kitenge, nikasingizia moshi wa mkaa.

Kumbe bibi mmoja mwenye kapu la ndizi, anayesubiri basi, alikuwa amesimama nyuma yetu akisikiliza.

— Shikamoo, bibi, tukamwamkia.

— Marahaba, wanangu.

Bado Kidogo alimpisha akakaa.

— Mmejenga vizuri, akasema bibi. — Sasa, juu atalala nani?

— Mama yake, akasema Kebini.

— Magoti yangu yanagoma hata mlango wa basi. Ya mama yake ni mapya?

— Basi yeye mwenyewe, akasema Kebini.

— Na tumbo hilo?

— Mtoto... akaanza Ghala.

— Usiku, akishuka kukojoa na usingizi machoni?

— Basi Juvenali, akasema Bado Kidogo kwa sauti ndogo.

— Mwanaume alale juu ya kichwa cha mama mkwe wake?

Ghala aliinama. Yeye ni Msukuma kama mume wangu. Mzee huyuhuyu, akimwona mama mkwe wake sokoni, hujificha katika duka lolote lililo karibu. Siku moja alitoka na gauni la mtoto, na nyumbani kwake hakuna mtoto wa kulivaa. Leo alikuwa ameahidi nguzo za kumlaza mkwe juu ya mkwe!

Kebini alinyoosha kikombe apate cha kumsaidia kufikiri. Birika lilikuwa tupu. Basi la Ngara likafika, bibi akaniwekea ndizi mapajani, akapanda akishikilia mlango kwa mikono miwili. Jibu hakutuachia.

Dari lilijengwa juma lile, kwa nguzo za Ghala. Juu yanalala mahindi, sufuria na baiskeli. Chini pakapatikana nafasi ya kitanda cha mama na Diana. Juvenali alilala kwa Kebini mpaka mama aliporudi Keza. Mtoto alizaliwa Jumanne, na mama yangu alikuwepo.