Kichwa cha Kitanda cha Luhende

Kijiwe cha Khalidi pale Igogo kina benchi moja, birika moja la kahawa na wataalamu wa kila jambo. Asubuhi hiyo Luhende alifika mikono ikinuka gundi, akakiri kwamba kazi imemshinda. Kichwa cha kitanda alikuwa amekitengeneza mwenyewe: plaiwudi, sponji aliyoikata kwenye godoro kuukuu, velveti ya kijani na vifungo, kimoja kikiwa kimebandikwa upya asubuhi hiyohiyo. Imebaki kukitundika tu, na wiki nzima kimekaa chumbani kimegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mkewe, Modesta, alikidai miaka nenda miaka rudi. Alipokwenda kisiwani Ukerewe kumuuguza mama yake alisema, "Siku ukikitundika, nipigie." Mama alipona kabla ya mvua za vuli, lakini Modesta hakurudi, na Luhende alimkumbuka sana.

— Shida yako hasa ni nini? aliuliza Revocatus, waliyemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kukoroga zege la ghorofa.

— Kimo. Sijui nikitundike juu kiasi gani.

— Juu kabisa, usawa wa dari. Upepo wa ziwa unapita huko, sponji haitashika unyevu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.

— Weka chini, alisema Makame, waliyemwita Kepteni ingawa kazi yake ilikuwa kukata tiketi za kivuko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Cha mvunguni na cha ukutani wapi na wapi?

— Kitanda si kimoja? Halafu nyumba zetu zimekaa juu ya mawe, na mawe haya yanatembea. Lori zito likipita, ukuta unasogea. Mimi ningekining'iniza kwa kamba, kiyumbe nao.

— Mtu alale anabembea?

— Si mtu wa Ukerewe huyo? Mtumbwi kauzoea.

Wakacheka. Luhende naye alicheka kidogo, ili asiulizwe mkewe atarudi lini.

— Wote mnapotea, alisema Khalidi akimimina. Kikikaa juu sana kinaleta ndoto za vyeo. Shemeji yangu wa Nyegezi alitundika chake juu, akaamka bosi. Mpaka leo hataki kusalimiwa na mtu asiye na miadi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa binti mwenye begi, akingoja gari.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba.

— Samahani wazee wangu. Huyo mama akikaa kitandani akaegemea, kichwa chake kinafika wapi ukutani?

Injinia akamtazama Kepteni. Kepteni akatazama kikombe chake.

— Mimi najua kinapofika, alisema Luhende taratibu. Pana doa la mafuta yake ya nywele. Chumba kizima nimekipaka rangi, pale nikapazunguka.

Khalidi aliweka birika chini.

— Basi kazi nyepesi, alisema Injinia. Unakitundika hapohapo.

— Nikikitundika kitaliziba. Halafu nimpigie, asije. Nitakuwa nimemkosa yeye na doa lake. Ndiyo maana kila nikishika skrubu, naiweka chini.

Gari likafika. Binti alibeba begi lake, akapiga hatua mbili, akageuka.

— Na yeye anajua kwamba hukulipaka rangi?

Akaondoka. Khalidi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Luhende, yakatoka machicha matupu.

Luhende alijifuta gundi kwenye suruali, akatoa simu, akawapa mgongo. Iliita muda mrefu kabla ya kupokelewa.

— Modesta, alisema. Bado sijakitundika. Nimepiga hivyohivyo.