Petroli Ile Ilikuwa Yangu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mama Majivu. Jina hilo wazimamoto wenzake walimpa kwa kumcheka, naye akalipokea kama cheo.

Ndiye aliyeunda kikosi chetu cha kwanza cha kuchunguza moto wa kuchomwa makusudi. Nasema cha kwanza. Kabla yake, moto ukishazimwa sakafu inafagiwa, na ripoti inaandikwa ofisini: hitilafu ya umeme. "Huo umeme una kesi nyingi kuliko majambazi," alikuwa akisema.

Aliwakusanya fundi umeme, mpelelezi, mtaalamu wa maabara na wazimamoto wawili. Alijaza masofa chakavu kwenye nyumba mbovu, akaichoma, ilipopoa akawaingiza. Mikono nyuma! Hakuna kugusa. "Nionyesheni moto ulikoanzia." Aliyebahatisha alirudishwa mlangoni, akaanza upya.

Sasa sikilizeni. Bweni moja liliungua. Majivu ya jikoni yakakutwa na petroli, mpishi akatupwa rumande. Akakaa miezi saba. Kikosi kikamwagiwa sifa. Kisha siku moja, akiandaa somo, Mama Majivu alifungua daftari lake la siku ile. Akasoma mwandiko wake mwenyewe: alijaza petroli kwenye pampu ya maji, halafu akaingia jikoni kuchota majivu ya kupimwa maabara. Glavu zilikuwa zilezile.

Binti yake anakumbuka: "Mama alikaa chini sakafuni. Akasema, mwanangu, nimemfungisha mtu bure."

Akawaeleza wenzake kikosini, na mkuu wake akamwita. "Ukilisema hili, kikosi kinavunjwa. Funga mdomo."

"Kivunjeni," akamjibu. "Mdomo ni wangu."

Akasimama mahakamani, glavu mkononi. "Petroli ile ilikuwa yangu." Mpishi akaachiwa. Na kikosi kikavunjwa kweli.

Mnadhani alikata tamaa? Thubutu! Aliendelea kuwafundisha wanakikosi wake uani kwake, kila Jumamosi, kwa vitanda vya kuokota na mapipa yaliyoungua. Somo la kwanza lilikuwa kosa lake, na alilieleza bila kujionea huruma. Miaka mitatu baadaye wakubwa walirudi wamenywea, wakitaka vikosi sita. Akakubali kwa sharti: kila sampuli na glavu mpya, na kila mwanafunzi asimulie kisa cha mpishi kabla ya kuhitimu.

Juzi, mazishini, mpishi yule alikuja. "Alinipotezea miezi saba," akasema. "Sitamsafisha kwa sababu amekufa. Lakini waliojua walikuwa wengi. Aliyekuja kunitoa ni yeye peke yake."

Kwa binti yake, na kwa wanafunzi wake wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anabeba kosa lako, unamjua. Nenda ukaseme. Wakivunja, na wavunje.