Piusi Qamara, Ambaye Kila Krismasi Alikuwa Soitsambu

Mnaojua Piusi alizaliwa lini hamzidi watatu hapa, kwa hiyo nianze hapo. Alizaliwa Ganako tarehe 5 Mei 1951, mtoto wa tatu wa mzee Qamara Tlehema na mama Magdalena, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mapema kwa sababu hakutegemewa kuishi. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alilia siku aliyozaliwa, akaona haisaidii, akaacha.

Alianza shule hapa hapa Ganako mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, maana darasa la nne alilirudia. Hesabu zilimshinda, wala tusimpambe leo kwa kuwa amelala. Alichojua ni kuimba. Mwaka 1971 alijiunga na JKT, akarudi 1973 na kupata kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, kwenye mashine ya kumenyea. Kazi hiyo aliifanya mpaka mwili ulipokataa, ukiacha ule mwaka wa vita.

Tarehe 20 Aprili 1974 alifunga ndoa na Germana, binti wa Rhotia. Alichelewa kanisani. Njiani alikuta ng'ombe wa mtu asiyemjua ameshindwa kuzaa, akavua koti, akasaidia, akaja na damu kwenye shati. Germana alimwambia mbele ya padre, "Kama uliyemtaka ni ng'ombe, mlango uko wazi." Walijaliwa watoto watatu, Thomasi, Martina na Yohana, na katika miaka kumi na tatu ya ndoa yao sikusikia wakigombana isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo nitakalolisema leo.

Novemba 1978 mgambo waliitwa kwenda Kagera. Piusi alikuwa miongoni mwao. Kwenye lori alikaa na Mmaasai mmoja kutoka Soitsambu, upande wa Loliondo. Jina la huyo rafiki yake sitalitaja, na mtaelewa kwa nini. Wambulu na Wamaasai mnajua tulikotoka. Siku ya kwanza yule kijana alimwambia, "Mbulu, ng'ombe wa babu yako waliishia kwenye boma letu." Piusi akajibu, "Ndiyo maana mmekonda hivi, mnakula vya wizi." Tangu hapo walikula sahani moja, na Piusi akajifunza Kimaasai cha kuombea chumvi na cha kutukania.

Krismasi ya mwaka ule iliwakuta kwenye mahandaki, karibu na mto. Ruhusa ya kwenda nyumbani hakuna, barua hakuna, na mvua ilikuwa imejaza maji mpaka magotini. Walipata mbuzi mmoja kwa watu wengi. Katekista mmoja wa Singida aliyekuwa askari kama wao akasema wasali kidogo na kuimba kabla ya nyama. Saa hiyo zamu ya lindo ilikuwa ya Piusi. Rafiki yake akamwambia, "Nenda ukaimbe na wenzako. Mimi sikukuu hiyo sina, nitakaa hapa." Piusi akaenda. Waliimba nyimbo mbili. Alipokuwa anarudi na kipande cha nyama alichomwekea mwenzake, kombora lilitoka ng'ambo ya mto likatua kwenye lile lindo. Walimzika siku hiyo hiyo, kilichopatikana.

Piusi alirudi Ganako Novemba 1979. Mwezi uliofuata, siku mbili kabla ya Krismasi, aliaga kwamba anakwenda Soitsambu kupeleka habari. Alifika akiwa na suruali ya jeshi. Mama wa rafiki yake, Mama Naishorua, alimwona kutoka mbali, akaita wanawake, wakaimba. Akampa kibuyu cha maziwa, akauliza, "Mwanangu umemwacha wapi?"

Kwa Wamaasai mtu aliyekufa hatajwi jina. Piusi alilijua hilo vizuri. Akalitaja jina la rafiki yake, waziwazi, mbele ya boma zima, akasema anawasalimu, hajapata ruhusa. Kwa kulitaja tu, akawa amemfanya hai.

Aliponisimulia alisema, "Dada, maziwa yalikuwa mkononi. Ningesemaje?"

Nikamwambia, "Ungeweka kibuyu chini."

Hakukiweka. Mwaka uliofuata ikabidi aende tena na salamu nyingine, na blanketi, eti mwanao ametuma. Mara yuko Uganda, mara kahamishiwa Mtwara, mara yuko Msumbiji. Kila Krismasi mpaka mwaka jana, Germana alipika peke yake na watoto walikwenda kanisani bila baba. Majirani mkasema Piusi ana mke wa Kimaasai Loliondo na watoto wawili, wengine mkawapa hata majina. Mpo hapa, mmekalia viti tulivyoazima kwa ajili yenu. Mke huyo hakuwepo. Alikuwepo mama mtu mzima, akimwekea mwanawe mitamba ya mahari, na mdogo mtu, Kaika, ambaye hajaoa mpaka leo kwa sababu mama alisema mkubwa atangulie. Uongo wa huruma nao una watu unaowala. Ndugu yangu alikuwa mtu mwema, na hili alilifanya yeye.

Februari mwaka huu alianza kuumwa ini. Tumbo lilijaa maji. Alipelekwa Moshi, wakamtoa maji, yakarudi, wakatuambia tukamtunze nyumbani. Mwanzoni mwa mwezi huu alituita mimi na Germana, akatueleza yote niliyowaambia. Germana alisikiliza, akatoka nje, akarudi na uji, akamlisha. Piusi akaniambia, "Dada, Krismasi hii sifiki. Nenda kamwambie. Akinilaani, nijue. Akinisamehe, nijue. Nisife katikati."

Alhamisi tarehe 6 nilipanda lori la mahindi nikafika Soitsambu. Mama Naishorua hajui Kiswahili, kwa hiyo Kaika ndiye aliyefasiri. Nilipomaliza sentensi ya kwanza, Kaika hakuifasiri. Nikamwambia, "Kaika, mwambie mama."

Akaniambia, "Mama, subiri. Ngoja kwanza niisikie mimi."

Kisha akamwambia mama yake kwa maneno machache sana, bila jina. Yule mama aliinuka, akaenda kwenye zizi la ndama, akakaa huko na mgongo umetuelekea. Nililala pale, nikapewa chakula, nikaondoka bila neno lake hata moja. Kaika alinisindikiza mpaka barabarani, akauliza kaka yake alikuwa anafanya nini alipokufa. Nikasema alikuwa analinda, na zamu haikuwa yake.

Nilirudi Jumapili. Piusi hakunisubiri nivue kitenge. "Amesemaje?"

"Hajasema."

"Hajasema, au hutaki kuniambia?"

"Piusi, mwongo wa nyumba hii ni wewe, si mimi."

Akacheka kidogo, na hakucheka tena. Jumatatu nzima aliuliza kila gari lililopita barabarani linatoka wapi. Alifariki Jumanne tarehe 11 Agosti 1987, saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwa Germana, akiwa katikati pale pale alipopaogopa.

Leo asubuhi, tukiwa tunapanga viti, Mama Naishorua aliingia na Kaika. Hakuna aliyempelekea habari ya msiba. Alikuja kuonana na Piusi mwenyewe, amwambie uso kwa uso, na akalikuta jeneza. Yuko kule kwenye ua wa minyaa, kwa desturi yao hasogelei kaburi, na naomba asisongwe na watu. Nilimuuliza kwa kinywa cha Kaika alikuwa amekuja kumwambia nini marehemu. Alisema, "Hayo yalikuwa yake. Kwangu mimi wamekufa wote wawili wiki hii. Niacheni."

Kwa hiyo jibu alilolitaka ndugu yangu sinalo, na sitatunga lolote mbele ya jeneza lake. Nilichokifanya ni kumuuliza kama nimtaje miongoni mwa walioachwa. Akasema jambo, na Kaika akaniambia, "Anasema umtaje. Lakini awe wa mwisho."

Karatasi mliyoshika ilichapwa jana parokiani, haina jina hilo. Mwenye kalamu aliongeze.

Marehemu Piusi Qamara ameacha mjane, Germana. Watoto watatu, Thomasi, Martina na Yohana. Dada yake, Cresensia, ninayewasomea. Kaka yake, Felisiani. Na mama, Naishorua, wa Soitsambu.

Mungu amlaze mahali pasipo na zamu.