Fundi Suruali na Dozi Alizogawa

Marehemu, tuliyemwita Fundi Suruali, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa nne wa mpiga pasi na mkunga. Shule aliiacha darasa la saba, baada ya kukutwa akikadiria kiuno cha msimamizi wa mtihani kwa rula.

Alianza kushona mwaka 1979 katika chumba cha mbele cha mjomba wake, dirisha likitazama kituo cha mafuta, na hakuhama tena. Agosti 1986 alimwoa mteja aliyerudi kumgombeza kwa sketi iliyobana.

Alikuwa mtu wa kugawa. Hata dawa. Akiandikiwa vidonge alimeza mpaka apate nafuu, vilivyobaki akampa shemeji mwenye jino linalouma au jirani mwenye kikohozi. Wengi tuliosimama hapa tumemeza ukarimu wake.

Januari mwaka huu mkasi ulimdondokea mguuni, kidonda kikatunga usaha. Alijitibu kwa vidonge vya akiba, viwili leo, kimoja keshokutwa. Alipokubali kupelekwa hospitali, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na dawa zikawa zinagonga mwamba.

Mpwa wake muuguzi alimweleza kwa lugha ya cherehani. Ndani ya kila kijidudu mna vimashine vinavyounga protini, kipande kwa kipande. Dawa ile aliyokuwa akiimeza hukaa pale kipande kipya kinapotakiwa kuingia. Mshono unakwama, kijidudu hakikui, mwili unakimaliza. Vimashine vyetu ni vya muundo mwingine, ndiyo maana sisi hatukwami. Lakini dozi ikikatizwa, vijidudu vinavyosalia ni vile vinavyojua kuitema dawa, navyo huzaliana.



"Kumbe nilikuwa nachagua vijidudu mafundi," Fundi akasema. Kisha akamgeukia mkewe: "Waambie watu."

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Februari, mkewe amemshika mkono.

Wakubwa wa ukoo walitaka iandikwe tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mjane alikataa katakata. "Andikeni yote. Mkiona haya, nitasoma mwenyewe."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji yule yule, ambaye jana, katikati ya kilio, alimnong'oneza mjane akiuliza kama kuna vidonge vilivyobaki. Havipo, shemeji. Nenda ukaonwe na daktari.

Pumzika, Fundi wetu. Tutameza hadi cha mwisho.