Mwenyekiti na Mwanachama wa Ishirini

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1980, akaajiriwa kusahihisha kurasa katika kiwanda cha uchapaji, akatoa kitabu kimoja chembamba cha mashairi. Ndugu zake walimwita Mwenyekiti tangu utotoni. Hata mchezo wa kombolela hakuuanza kabla hajaufungua kwa hotuba.

Mwaka 1996 alimwoa mfuaji wa mashuka ya hospitali, asiyejua kusoma. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2003 alianzisha tawi la nchi la chama cha waandishi wa dunia, ambacho wanachama wake huteteana wanapofungwa. Makao makuu, ng'ambo, hayatambui tawi lenye waandishi pungufu ya ishirini. Alipata kumi na tisa, wapishi wawili wa kiwandani wakiwemo.

“Mama watoto, weka dole gumba hapa.”

“Mimi na uandishi wapi na wapi?”

“Weka tu. Huko hawatakuuliza shairi.”

Akaandikwa katibu, na barua zote zikatoka na dole lake.

Tarehe 9 Juni 2005, baada ya barua ya kumtetea mwanahabari mmoja, polisi waligonga mlango wakimtaka katibu. Marehemu, soksi mguu mmoja, alimnyooshea mkewe kidole. “Ni huyu. Mimi naongoza vikao tu.”

Mkewe alikaa gerezani miezi kumi na moja. Tawi lilikutana, marehemu akiongoza, likaamua kuwa asiyejua kuandika si mwandishi, hivyo hatetewi. Wakamfuta katika orodha ya tawi; ile ya ng'ambo wakaiacha na majina ishirini. Aliporudi, binti mdogo alimwita shangazi.

Mwaka 2009, kwenye mkutano mkuu ng'ambo, marehemu alisimulia baridi ya sakafu ya gereza mpaka akalia. Walimpa nishani.

Kiharusi kilimlaza mwaka 2019. Mkewe, aliyefundishwa kusoma na binti mkubwa, alimlisha, kisha kila Jumapili akamsomea kumbukumbu za kikao kilichomfuta.

“Soma kingine,” alinong'ona.

“Kingine sijakifikia.”

Alifariki tarehe 2 Februari 2022.

Juzi viongozi wa tawi walifika msibani.

“Mama, kwenye wasifu andika kwamba alifungwa. Wageni wa ng'ambo watakuwepo. Tutakurudisha kwenye orodha.”

“Alifungwa gereza gani?”

Basi isomeke mbele ya wageni: hakufungwa hata siku moja.

Ameacha mjane, mabinti wawili, na tawi lililotimia kwenye karatasi.

Apumzike kwa amani, kama alivyopumzika siku zote.