Khanga ya Msiba Usiokuwepo

Shikamooni wakubwa wangu. Wadogo, marahaba hata kama hamjaniamkia, maana nawaona mna haya. Asalaam aleikum, na wa upande wa pili, Bwana asifiwe. Nimetoka Mikumi asubuhi hii na kiuno changu kimehesabu kila shimo hadi hapa Kilosa.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Dada, tunafungua ofisi ya pamoja, njoo utueleze mnavyopata wateja huko kwenu." Nikamwambia nitakuja, ila itabidi nianze na dhambi. Akasema njoo tu. Kwa hiyo msije mkasema hamkuonywa. Majina sitataja, hata moja.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianzia Kimamba, kwenye kibaraza cha watu karibu na reli, kazi yangu kubana suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Fundi wa kibarazani mteja wake ni yule anayepita na nguo iliyochanika. Asipopita, unaangalia baiskeli mpaka jua linazama.

Aliyenitoa pale ni mwenzangu tuliyejifunza naye kushona. Mama yake alitulisha wote wawili enzi hizo. Ukifika kwake hakuulizi habari za kwenu, anakuuliza, "Mwanangu, umeshakula?" Likumbukeni hilo swali, mimi linanifuata mpaka leo. Basi huyo mwenzangu alikuwa amepata meza Mikumi, kwenye chumba kikubwa pembeni ya barabara kuu kilichokuwa duka la vipuri. Watu walikodi meza kwa mwezi: mmoja anapangia watalii safari za mbugani, mzee mmoja anafungasha asali, yeye anashona pale dirishani. Akaniambia njoo, ya pembeni yangu iko wazi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilishangaa. Wiki ya kwanza tu yule mzee wa asali alitaka vitambaa vya kufunika vifuniko vya chupa zake. Mwenzangu akasema, "Mpe huyu, anapinda pindo vizuri kuliko mimi." Kumbe zile chupa zinawekwa mezani kwenye nyumba za wageni. Mwenye nyumba moja akaona vile vitambaa, akauliza nani kashona, akaagiza foronya. Sikubandika tangazo hata moja. Chupa ya asali ndiyo iliyonitangaza.

Na kulikuwa na sheria moja tu, iliandikwa kwenye daftari la mlangoni: mgeni wa mmoja ni mgeni wa wote. Usipokuwepo, aliyepo anakujibia, anamwandika mgeni, anampa kiti. Hapo ndipo nilipoangukia.

Mama wa mwenzangu akaugua figo, akalazwa. Mwenzangu akaenda kumuuguza. Mzee wa asali alikuwa porini kwenye mizinga, na bwana wa watalii yuko mbugani. Nimebaki peke yangu, mchana kweupe, akaingia meneja wa kambi moja ya wageni. Mama mtu mzima, mpole. Akasema, "Mzee wa asali amenielekeza kwa dada anayeshona hapo dirishani. Nataka sare za wafanyakazi wote, na baadaye mapazia ya mahema."

Nikamwambia, "Yule amefiwa na mama yake, amefunga kazi. Harudi."

Msinitazame hivyo. Na mimi nilijishangaa. Ningeweza kusema amesafiri. Ningeweza kusema ana kazi nyingi, ningekuwa mwongo wa kawaida kama wengine humu ndani. Lakini nilitaka neno ambalo mtu hawezi kuliuliza mara mbili. Nani anahoji msiba?

Yule mama akashika kifua. "Jamani! Masikini!" Akatoka. Nikadhani ameondoka moja kwa moja, kumbe amevuka barabara kwenda dukani. Akarudi na doti ya khanga, mpya, haijakatwa. Akasema, "Simfahamu, lakini mama ni mama. Mfikishie, mwambie pole." Kisha akanipa mimi ile kazi.

Sikumwandika kwenye daftari. Khanga nikaisukuma ndani ya droo. Sikuikunjua, sikusoma hata maandishi yake.

Sare nilishonea nyumbani ili mtu asiulize. Wiki haijaisha, mwenzangu akarudi anacheka. Mama amepata nafuu. Akauliza, "Kuna mtu aliniulizia?" Nikasema hakuna. Nikajiambia, mama amepona, uongo umeisha, hakuna aliyeumia.

Wiki ya tatu simu yake ikaita mchana tukiwa tunakata vitambaa. Alisikiliza, akaweka mkasi chini taratibu, akasema, "Mama amefariki."

Wahenga walisema maneno huumba. Sisi sote hapa tumelelewa hivyo. Mtoto akitamka uchuro anapigwa kibao cha mdomo, anaambiwa tema mate. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na hakuna aliyenipiga kibao. Nililia pale kuliko mwenye mama. Watu wakasifu, wakasema huyu ndiye rafiki. Makaburini nilisimama nyuma kabisa. Udongo ulipokuwa unaingia, nilichowaza ni kwamba nguo ya msiba huu ilitangulia kufika, iko kwenye droo yangu.

Tangu hapo sikuwa mzima. Mkasi wangu ulikaa kwenye ile droo, nikanunua mwingine ili nisiifungue. Nikikaa, goti langu linagusa mbao yake, nashtuka. Nilishona mikono ya shati nyuma mbele, nikapasua, nikaishona tena vilevile. Mwanamke mzee yeyote akipita barabarani na kapu, namsubiri ageuke aniulize kama nimeshakula. Watoto wakiniamkia, marahaba inanikwama. Niliuogopa mdomo wangu mwenyewe. Mtu akiingia na kumuulizia asiyekuwepo, simjibu, nakimbia nje kumtafuta huyo mtu mpaka sokoni, namwacha mgeni amesimama. Wateja wakapungua. Nani anamtaka fundi anayekimbia akiulizwa swali?

Basi siku moja, saa nne asubuhi, yule meneja akarudi kwa ajili ya mapazia. Mwenzangu yuko dirishani. Mzee wa asali anafunga chupa.

"Aa, ndiye wewe dada wa hapa! Niliambiwa umefunga," yule mama akasema. "Pole sana kwa mama. Ile khanga niliyokuletea ilikufikia?"

Mwenzangu akasema, "Khanga gani, mama?"

Wakanigeukia wote wawili.

Ndugu zangu, sikilizeni hapa vizuri. Pa kutokea palikuwepo. Mama alikuwa amekufa kweli. Ningefungua droo, niseme jamani, kwenye pilikapilika za msiba nilisahau, ningeshukuriwa na wote wawili. Hakuna ambaye angelinganisha tarehe. Nilifungua droo kweli. Nikaitoa. Maneno ya kusahau yalikuwa ulimini, matamu kabisa. Nikasikia lile swali, umeshakula, kana kwamba limesemwa nyuma ya kiti changu.

Nikasema, "Hii niliipokea mama yako akiwa hai. Nilimwambia mgeni huyu kuwa amekufa ili nipate kazi yako."

Mwenzangu akauliza, "Siku gani?" Nikamwambia, ile wiki mliyokuwa hospitali, siku ya Jumanne.

Akafikiri. Akasema, "Jumanne alikunywa uji wote. Akaniuliza habari zako."

Hilo tu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliichukua khanga, akageuza kiti, akanipa mgongo. Meneja aliondoka bila kuniaga, na alikuwa na haki.

Nilianza kufungasha vitu nirudi kwenye kibaraza changu. Mzee wa asali ndiye aliyenizuia. Huyo hana maneno mengi, nyuki wamemzoesha. Akasema, "Binti, ukihama utahama na hiyo droo. Kaa hapa. Andika wageni."

Nikakaa. Miezi, si siku. Kila aliyeingia nilimwandika: jina, saa, anamtaka nani. Mwenzangu asipokuwepo, namwambia mgeni, "Amekwenda benki, anarudi saa sita, kaa hapa." Sentensi ndogo hivyo, na jasho linanitoka. Mapazia ya kambi alishona yeye. Nilikuwa namsalimia asubuhi, hajibu. Kesho namsalimia tena.

Asubuhi moja nimefika, nikakuta ile khanga juu ya cherehani yangu. Akasema bila kunitazama, "Fundi, ikate uipinde."

Nikaikata katikati, zikawa mbili. Nikapinda, na pindo lilipinda kweli, mimi niliyesifiwa mapindo. Akachukua kipande kimoja, kingine akakirudisha kwangu.

"Sijakusamehe yote," akasema. "Iliyobaki ikija nitakwambia. Lakini mama aliuawa na figo. Haukuwa mdomo wako. Usijipe ukubwa huo."

Ipo siku naamini maneno yake. Ipo siku nyingine, hasa mchana kukiwa kimya na barabara haina gari, siamini. Nimekuja kuwaambia nilisimama, na nimesimama kweli, kazi ninayo, wateja ninao. Sikuja kuwadanganya kwamba goti langu limeacha kushtuka.

Namshukuru yule mzee aliyenizuia nisikimbie. Nawashukuru wa meza zile waliojua na bado wakaendelea kuniachia funguo. Mwenzangu simshukuru hapa, shukrani yake haienei kwenye kipaza sauti.

Nanyi mnaofungua hapa Kilosa, mtaletewa mafundisho mengi kuhusu mtandao na vikadi vya biashara. Yachukueni. Langu ni hili moja. Mteja wako mkubwa atakuja siku ambayo hupo. Umepeleka mtoto zahanati, umefiwa, umekwenda kula. Atakukosa, atamkuta jirani yako. Biashara yako yote siku hiyo iko mdomoni mwa jirani. Na ya kwake iko mdomoni mwako.

Hii niliyojitanda ndiyo nusu yangu ya khanga. Tangu asubuhi kiti changu Mikumi ni kitupu, na aliyekaa pembeni yake ni mwenzangu. Akija mtu kuniulizia, anaweza kumwambia lolote. Hata kwamba nimekufa. Sitakuwa na la kusema.

Kabla sijasimama hapa simu yangu ilitikisika. Niwasomee. "Una mgeni. Nimemwambia uko Kilosa, unarudi jioni. Kasema atasubiri. Na wewe, umeshakula?"

Mniwie radhi, ndugu zangu. Chakula chenu nitakula haraka haraka, maana kuna mtu ananisubiri.