Tabita Namwinga wa Iyula, Aliyewalisha Kuku Vitunguu Saumu

Wapendwa mliofika Iyula leo, Jumamosi tarehe 11 Julai 1959, asanteni. Mimi ni Ketrina Nzowa, dada yake mfiwa, kaka yangu Fanueli. Ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya wifi yangu, ukijua fika kwamba sitamaliza bila kulia, na huenda nisimalize bila kusema.

Marehemu Tabita Namwinga alizaliwa Mpemba, jirani na Tunduma, tarehe 14 Februari 1920, mtoto wa nne wa mzee Yonasi Simwinga na mama Aida; kwetu binti wa Simwinga huitwa Namwinga. Kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kuwafukuza mwewe wasichukue vifaranga vya bibi yake. Watoto wengine hupewa kazi hiyo wakalala usingizi. Yeye aliipenda.

Mwaka 1930 aliingia shule ya misheni Mbozi, akamaliza darasa la nne mwaka 1934. Wanafunzi wa kike ndio waliotunza kuku wa misheni. Tabita aliona kwamba vifaranga waliodonoa maganda ya vitunguu saumu nyuma ya jiko hawakohoi kama wenzao. Akawagawa katika matenga mawili, hawa wakila pumba tupu, hawa pumba yenye saumu iliyopondwa. Siku moja mwalimu aliuliza ni nani anayenukisha darasa zima. Tabita alisimama: "Ni mikono yangu, mwalimu. Ila vifaranga wanapona." Aliadhibiwa kufagia uwanja, na msimu uliofuata saumu ikapandwa matuta mengi zaidi bustanini.

Tarehe 17 Septemba 1938 alifunga ndoa na kaka yangu katika kanisa la Mbozi, akaletwa hapa Iyula, kwenye kahawa na mahindi yetu. Alikuja na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, ndani yake unga mwekundu wenye harufu kali. Sisi mawifi, Mungu atusamehe, tulikwisha kata shauri kwamba ni dawa ya kumpumbaza kaka. Mama yetu alimwuliza waziwazi, "Hii ni ya kuku au ya mwanangu?" Bibi arusi alijibu kwa upole, macho chini, "Ni pilipili na saumu za kuku, mama. Mwanao atanenepa kwa ugali." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo Tabita alikuwa mtoto wake kuliko sisi.

Kazi yake mnaijua, maana wengi wenu mmeila. Pumba aliichanganya na mchwa waliokaushwa juani, kwa kukuza mwili. Saumu na pilipili kichaa ziliwapa nguvu ya kupigana na mafua. Mbegu za maboga zilizotwangwa zilikuwa za minyoo, na kwenye maji ya kunywa alidondosha utomvu wa shubiri kidogo tu, kwa sababu, alisema, kuku naye ana ulimi. Majogoo wake waliwazidi wa jirani kwa uzito hata mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa alituma mtu kuuliza anawalisha nini. Kila Alhamisi wanawake wa kanisa walikuja kujifunza, na hakuna aliyerudi bila vifaranga wawili watatu kwenye kanga.

Alikuwa na sheria moja: kuku mgeni hakai na wenyeji mpaka aangaliwe kwanza, kwenye tenga la peke yake nyuma ya jiko. Sasa, sote tunajua desturi yetu. Kuku aliyeletwa na mkwe huachiwa uani mbele ya macho yake. Kumfunga kando ni kumwambia aliyemleta kwamba mkono wake una ubaya.

Agosti 1957, mkwe wao Yonathani Haonga wa Ihanda, ambaye mwanawe alikuwa amemwoa Loisi, binti ya Tabita, mwaka uliotangulia, alikuja na jogoo mkubwa. Tabita alisitasita. Kaka akamnong'oneza, "Ukimfunga kuku wa mkwe, umemfunga mkwe." Wifi akamwachia. Siku chache baadaye jogoo yule alipinda shingo, na mdondo, ile tauni ya kuku, ukasafisha uwanja wote, kisha ukahamia kwa wale wanawake wa Alhamisi. Iyula ikaamka asubuhi bila jogoo kuwika.

Ndipo maneno yalipoanza. Wakasema dawa ya Tabita imeua kuku. Wengine walitaja uchawi, nao wako hapa leo wamefunga vitambaa kichwani. Angeweza kunyamaza. Badala yake, Oktoba ile alisimama kwenye mkutano wa kina mama na kusema, "Chakula changu kinakuza kuku na kumpa nguvu, ila mdondo hakiuzuii. Mdondo ulikuja na jogoo wa mkwe, na mimi nilimfungua kwa aibu. Jamani, wafungeni kando kuku wa wageni, hata kama ni wa nani."

Habari zilifika Ihanda kabla yetu kufika nyumbani. Bwana Yonathani alisema ameitwa mchawi hadharani, akamkataza Loisi kukanyaga Iyula. Mtoto wa Loisi alizaliwa Machi 1958. Tabita alimshonea kofia, akaipeleka kwa mikono ya watu, ikarudi. Nilimwambia, "Wifi, nenda ukaseme ulikosea." Akanijibu, "Nitasema nilimkosea adabu, hilo nimekwisha tuma watu waseme. Ila siwezi kusema jogoo alikuwa mzima." Nilimkasirikia sana siku ile. Leo namlilia kwa neno lile lile.

Mwishoni mwa 1958 moyo wake ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Alilazwa hospitali ya misheni Mbozi mara mbili. Daktari aliagiza supu ya kuku, naye, kama mimi na kama mama zetu, hakuwahi kumla kuku maishani, kwani ni nyama ya wanaume. Alipoonja kijiko cha kwanza alinitazama kwa hasira ya kweli: "Kumbe ndivyo alivyo mtamu! Wametunyima miaka yote hii?" Tulicheka, kisha tukalia. Alifariki jana Ijumaa, tarehe 10 Julai, alfajiri, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Asubuhi hii waombolezaji waliingia na kuku wa msiba, kama ilivyo ada. Katikati yao alikuja bwana Yonathani, jogoo kwapani, Loisi nyuma yake. Hakumsalimu mtu. Aliniuliza mimi, "Dada, kuku wa wageni wanafungwa wapi?" Nikamwonyesha tenga nyuma ya jiko. Alimfunga kwa mikono yake, na wengine wote wakamfuata. Bwana Yonathani, tumekupokea kwa mikono miwili. Lakini umechelewa siku moja, na mimi inaniuma, siwezi kuficha.

Marehemu ameacha mume, Fanueli Nzowa; watoto watatu, Loisi, Kefa na Leah; mama yake mzazi, Aida, aliyeko hapa mbele yetu; na mjukuu mmoja, Ferista, ambaye ameingia nyumbani kwa bibi yake leo kwa mara ya kwanza, na tangu afike anaita tu, "Bibi? Bibi?"

Bwana ampokee na kumpumzisha. Amina.